Nilimlea binti yangu kwa kumtishia sindano, mbwa alipomng'ata nikajuta

Wakuu, heshima zenu, wakubwa kwa wadogo.

Mie siyo mwandishi. Ni fundi wa mashine za boti huku delta ya Rufiji, kijiji cha Kiongoroni. Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwangu, sijaazima kwa mtu, na chumvi sijaongeza. Mengine yananiaibisha, lakini nimeyaacha hivyo hivyo.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Juzi nikamsikia jirani anamwambia mwanawe, "Nyamaza, nesi huyo anakuja." Nikasema hapana, leo nafungua uzi.

Nina binti anaitwa Somoe. Wakati huo alikuwa na miaka mitano. Mtundu, mkaidi, mdomo karithi kwa bibi yake mzaa mama. Kula kwake ni vita, kuoga ni vita, na kumwingiza ndani jioni ndiyo usiseme.

Sasa huku kwetu kuna mtindo.

Wahudumu wa chanjo walikuwa wanakuja kwa boti. Mashine unaisikia inanguruma mbali kabla hujaiona boti yenyewe, na watoto wakiisikia wanatimka. Basi wazazi tukapata fimbo ya bure. Mtoto hataki kula, boti yoyote ikipita huko mtoni unamwambia, "Hiyo boti ya sindano, wanatafuta watoto wasiokula." Sahani inaisha.

Mie niliwazidi wote, maana mashine zenyewe ziko uani kwangu. Kwa wasiojua, mashine ya boti ukiitengeneza unaijaribu ndani ya pipa la maji. Somoe akigoma kuingia ndani, nawasha moja kwenye pipa, naiongeza moto kidogo. Mtoto anakuja mbio, anajificha nyuma ya mama yake, anatetemeka mwili mzima.

Mie nacheka.

Mama Somoe alikuwa ananiambia, "Baba Somoe, acha, utamtia mtoto wazimu." Namjibu nyie wanawake mnadekeza watoto. Nilijiona baba hodari kweli kweli, kumbe mpumbavu tu.

Turudi kwenye habari yenyewe.

Kuna jirani yetu mmoja alikuwa anafuga mbwa wa kufukuza nguruwe pori na ngedere kwenye mpunga. Mbwa mpole, watoto wote wanamjua. Asubuhi moja Somoe kaenda shamba na mama yake. Yule mbwa akatokea kwenye majani, hakubweka, hakutishia. Alimfuata mtoto moja kwa moja, akamng'ata shavu la mguu, akaachia, akaenda zake huku anayumba.

Mama Somoe hakupiga kelele. Alimbeba mtoto mpaka nyumbani, akamkalisha, akaanza kuosha kile kidonda kwa sabuni na maji ya kumiminia. Akaosha, akaosha, mtoto analia, yeye anaosha tu. Mie nikamwambia inatosha. Akaniambia, "Mimina maji, usiniongeleshe."

Zahanati wakatuambia hapo alifanya la maana kuliko tulivyodhani. Lakini chanjo ya kichaa cha mbwa haikuwepo pale. Mhudumu akaniangalia usoni akasema, "Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna dawa. Hakuna. Chanjo ni kabla. Nenda Kibiti leo leo, usisubiri kesho."

Kwa hiyo boti mpaka Nyamisati, pikipiki mpaka Bungu, gari mpaka Kibiti.

Na hapo ndipo nilipoanza kuona matunda ya malezi yangu. Mtoto ana kidonda mguuni, damu imelowesha kitambaa, lakini halilii mguu. Analia kwa kuiogopa boti. Nilipowasha mashine alimng'ang'ania mama yake shingoni hadi mama anakosa pumzi.

Sindano ya kwanza alichomwa amechoka, hana hata nguvu ya kupigana. Tulimshika mie na mama yake, ikapita.

Nesi aliyetuhudumia ni mama wa makamo, mtu wa Kagera, sauti ya chini, hana haraka. Namwita Sista Paskazia hapa, siyo jina lake. Akatuandikia kadi: sindano nne. Ya leo, ya siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Na dawa ya maji ya kunywa kwa ajili ya kidonda.

"Baba, hizi tarehe siyo mapambo," akaniambia. "Ukiona umechelewa kwa sababu yoyote njoo hivyo hivyo, lakini usiache."

Nikamwambia nimeelewa.

Nyumbani tukaanza na ile dawa ya maji. Chungu. Somoe akafunga meno. Mie nikafanya kama nilivyofanyiwa na marehemu mama, nikamlaza chali, nikambana pua, mdomo ukifunguka namimina. Mmefanyiwa wengi humu, msijifanye hamjui.

Ikampalia.

Mtoto akakohoa, akakosa pumzi, macho yakamtoka. Mama yake akamnyakua akampigapiga mgongoni mpaka dawa ikatoka puani. Ulikuwa muda mfupi tu lakini nilishaanza kusoma dua zisizo na mpangilio. Mama Somoe akanipokonya chupa ile na hakunirudishia tena.

Siku ya tatu. Hapa sasa nikaleta ujanja.

Nikamwambia Somoe, "Tunakwenda Bungu kununua viatu." Boti aliilia, lakini kwa ajili ya viatu akapanda. Kweli Bungu tulishuka, nikamwonyesha viatu kabisa, vyekundu, nikamwambia tutavipitia tukirudi. Akapanda gari la Kibiti anaimba. Mama yake hataki hata kuniangalia.

Tulipofika getini akapatambua.

"Baba! Umesema viatu!"

Wakuu, mtoto wa miaka mitano ana nguvu mkiamua kumkandamiza. Tulimshika watu wanne. Alining'ata mkono, alama ninayo hadi leo. Alipiga kelele hadi wagonjwa wengine wakaja mlangoni kuchungulia. Sindano iliingia, lakini akajikojolea, na akawa haniangalii. Na viatu alivikataa. Tulipita Bungu nikavinunua, akasema hataki, vya sindano hivyo.

Kabla hatujaondoka Sista Paskazia aliniita pembeni. "Baba, nani amemwambia huyu mtoto kwamba sindano ni adhabu?"

Nikasema sijui.

Akaikunja kadi akanirudishia. "Basi sikiliza. Usimdanganye unakompeleka. Mwambie itauma, maana itauma kweli. Ukimwambia haiumi halafu ikauma, kesho hatakuamini hata ukimwambia jambo la kheri. Na tukimkandamiza hivi leo, sindano ya siku ya saba hutampata."

Likaingia sikio hili likatokea lile. Nilijisemea huyu mama hajui watoto wa delta.

Siku mbili baadaye mwenye mbwa akaja nyumbani. Hakuketi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ndugu yangu, yule mbwa kafa. Mate yalikuwa yanamtoka, maji hataki kuyaona. Na mbwa mwingine pia kamng'ata. Nimeona nije mwenyewe nikwambie."

Nilikaa kizingitini pale pale. Mpaka siku ile nilikuwa najidanganya kwamba labda mbwa alikuwa na hasira zake tu. Sasa hakuna tena labda. Mwanangu kaumwa na mbwa mwenye kichaa, na kinachomtenganisha na kaburi ni sindano mbili zilizobaki.

Usingizi ukaniaga. Somoe akisema kichwa kinamuwasha, namkimbilia. Akikataa uji, nampa maji nione kama atayaogopa.

Siku ya saba maji yalikuwa yanajaa asubuhi. Asiyejua kwetu, mitoni humu boti huondoka maji yakijaa, yakishapwa umekwama kwenye tope hadi yarudi. Kwa hiyo lazima tuondoke wakati ule. Tukakubaliana na mama yake tusimwambie kitu hadi tukiwa ndani ya boti. Wazo langu hilo, msimtie lawamani mama wa watu.

Nikatangulia kwenye boti. Na kwa akili yangu ya ufundi nikaiwasha mashine ipate moto mapema.

Mama Somoe alikuwa amemwogesha uani na kumvisha gauni lake jekundu. Aligeuka kuchukua kanga yake. Alipogeuka tena, mtoto hayupo.

Mwanzoni hatukushtuka. Tukatazama uvunguni, jikoni, kwa jirani. Somoe! Somoe! Kimya. Wenzetu wakaacha kazi zao wakaanza kutafuta. Ndipo mama mmoja akaona nyayo ndogo kwenye tope, zinaelekea mikokoni.

Maji yanajaa, na mikokoni huko mamba wapo. Mtoto hajui kuogelea vizuri na mguu una kidonda. Na leo ni siku ya sindano. Kila nikiwaza moja linanijia jingine.

Nikaruka kwenye boti, mama Somoe akaingia mbele, tukaingia kijito kinachopita kule. Mashine inanguruma, mie naita kwa sauti yote. Tukaona kitu chekundu kati ya miti. Gauni lake! Nikaelekeza boti kule. Kikapotea. Tukakiona tena, mbali zaidi, ndani zaidi. Nikaongeza moto.

Mama Somoe akageuka. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Zima! Zima hiyo mashine! Wewe ndiye unayemfukuza!"

Nikazima.

Wakuu, nyumba yangu inakula kwa ile mashine na hata siku moja sikuwahi kuichukia. Siku ile niliichukia. Kimya kilipoingia tukasikia mtoto analia, taratibu, siyo mbali.

Nikachukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, nikasukuma boti kwa mkono hadi tukamwona. Alikuwa amesimama juu ya mizizi ya mkoko, ameukumbatia mti, maji yameshafika magotini. Midomo inamtetemeka. Nilitaka kuruka nimkamate, mama yake akanishika shati.

Somoe akasema, "Mnanipeleka kwenye sindano."

Mdomo wangu ulishajiandaa kusema hapana. Naapa, neno lilikuwa ulimini. Nikamtazama mama yake, nikamtazama mtoto, nikalimeza.

"Ndiyo, mwanangu. Tunakwenda kuchomwa sindano."

"Itauma?"

"Itauma. Kidogo, halafu inaisha."

Akafuta pua kwa bega. Halafu akauliza swali ambalo hadi leo nikilikumbuka nashindwa kula.

"Baba, nimekosa nini? Mbona nimekula chote?"

Nililia, wakuu. Mwanaume mzima na ndevu zangu, ndani ya boti, mbele ya mke wangu. Kumbe muda wote ule mtoto alikuwa anakula mpaka anamaliza, anaingia ndani mapema, anajitahidi kuwa mwema ili asichomwe, na bado tunampeleka. Alikuwa anatafuta kosa lake na halioni.

Nikamwambia, "Hujakosa kitu. Mie ndiye niliyekosa. Hakuna boti ya sindano inayotafuta watoto. Baba yako alikudanganya ili ule. Yule mbwa alikuwa mgonjwa, ugonjwa wake uliingia mguuni kwako, na sindano ndiyo inaufukuza. Nisamehe, Somoe."

Pwani huku baba hamwombi mtoto msamaha. Sijawahi kusikia baba yangu akisema neno hilo. Lilinitoka kwa shida.

Maji yalikuwa yanapanda. Mie nayatazama, yeye ananitazama mie. Kumnyakua ningeweza, hatua mbili tu. Lakini ningemnyakua mara ngapi? Bado kuna sindano ya siku ya kumi na nne.

"Naweza kulia?" akauliza.

"Lia utakavyo."

"Mtanishika wengi?"

"Hapana. Utakaa kwa mama peke yake. Sharti moja, mkono usiutikise."

Akafikiri. Kisha akanyoosha mikono kwa mama yake.

Nilipiga pondo hadi mto mkubwa bila kuwasha mashine. Hapo nikamweleza ukweli mwingine. "Tukienda hivi hatufiki leo. Lazima niwashe. Ukiwa tayari niambie."

Akajifunika kichwa kwa kanga ya mama yake, akaziba masikio kwa vidole. Nikasubiri. Maji yanakwenda, muda unakwenda, mie nimekaa tu.

Sauti ikatoka ndani ya kanga: "Washa."

Njiani Somoe akaanza kupata joto. Tulipofika Bungu anachemka na anatetemeka. Mama yake ananiangalia, mie namwangalia. Wote tunawaza jambo moja, kwamba kichaa cha mbwa kimeshaanza.

Kibiti, Sista Paskazia akamgusa shingo, akauliza maswali, akasema, "Kwanza tupime malaria." Maana yake kutoboa kidole, tena kabla ya sindano yenyewe. Nikaona basi, mambo yameharibika.

Sista hakumkimbilia mtoto. Alivuta kiti akakaa chini kuliko Somoe. Akamwonyesha kile kitoboleo. "Kinagusa hivi, tii, tone la damu linatoka, tunaliweka hapa. Tuanze na baba?"

Nikatoa mkono kishujaa. Jamani, sindano naziogopa, sijawahi kumwambia mtu. Alipogusa tu, nikauvuta mkono.

Somoe akasema, "Baba, tulia. Usitikise mkono."

Chumba kizima kikacheka. Hata yeye akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mbwa amng'ate. Nikatobolewa nimetulia, sikuwa na njia.

"Haya Somoe, wewe unataka kidole gani?" Akachagua. Alikaa mapajani kwa mama yake, mama kamkumbatia, hajamkandamiza. Akalia kwa sauti yote. Mkono haukutikisika.

Majibu yakatoka. Malaria.

Sijawahi kufurahia malaria maishani mwangu, lakini siku ile nilisema alhamdulillah hadi mtu wa maabara akanishangaa. Malaria ina dawa.

Sindano ya tatu ikaingia hivyo hivyo. Alichagua mkono, akamwambia nesi ahesabu hadi tatu na asichome kwenye mbili. Sista Paskazia akahesabu, na kwenye mbili hakuchoma. Nilimwona Somoe alivyomtazama baada ya pale.

Kisha akatufundisha kumpa dawa za mseto za malaria. Mtoto anakaa wima, halazwi. Pua haibanwi, dawa ikiingia njia ya hewa inaua, na nilipomweleza nilichofanya alitikisa kichwa tu. Kidonge kinasagwa na maji kidogo, unavuta kwa bomba lisilo na sindano, unaweka upande wa shavu, polepole, anameza ndipo unaongeza. Akitapika ndani ya nusu saa unamwuliza mhudumu kuhusu kurudia, hujikatii shauri. Na bomba mpe mwenyewe alisukume. Usimwambie ni pipi pia, siku moja atazila zote.

Nyumbani Somoe alikunja uso, akasema ni chungu kama nini, akasukuma bomba mwenyewe. Zilichukua muda mrefu, chai yangu ikapoa. Lakini zote ziliisha.

Siku ya kumi na nne nilimwambia tangu jana yake. Alilia jioni ile, akalia asubuhi kwenye boti, akalia kwenye gari. Sikumwambia anyamaze. Tulipofika mlango wa chumba cha sindano aliniachia mkono, akaingia kwa miguu yake, akapandisha mkono wa gauni huku machozi yanamtiririka.

Miezi imepita. Mtoto ni mzima wa afya, anasumbua, sahani haimalizi, na simlazimishi.

Nilichojifunza siwezi kukipanga kitaalamu, kuna wauguzi humu watanisahihisha. Ninachojua ni kwamba tukimtishia mtoto kwa daktari tunapata sahani tupu ya siku moja, halafu siku anapomhitaji huyo daktari kweli anamkimbia. Mwambie unakompeleka. Mwambie itauma. Mwachie achague hata kidole tu. Na mtoto aking'atwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji mengi kisha kimbia kwenye chanjo, hata mbwa awe wa jirani.

Watu huniambia nilimwokoa mwanangu mikokoni siku ile. Siyo kweli. Nilikuwa mwongo wake wa miaka yote, maji yamemfika magotini, na bado aliponyoosha mikono alichagua kuniamini mara moja zaidi. Angekimbilia ndani zaidi, leo nisingekuwa na Somoe.

Haya, uwanja wenu. Nyie wa kwenu mnawaambiaje mkiwapeleka kupimwa au kuchomwa? Na anayetaka kunisema aniseme, nimeshajisema mwenyewe zaidi.